Jahazi ni la nani? Kanuni za vyombo, kutoka karata za Msambweni hadi Hague

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na baadhi yenu mmekuwa mkinikumbusha kwa barua pepe (asanteni, nimezipata zote). Itakuja. Leo nataka tutoke kidogo nje ya kompyuta, ingawa hatuendi mbali. Suala ni kanuni, na mtu anayeandika programu kutwa nzima anachofanya ni kuandika kanuni na kumwomba Mungu asiwe amesahau kitu.

Desemba nilikuwa nyumbani Msambweni. Nilikwenda na mchezo wa karata ninaoutengeneza mwenyewe, polepole, kwa karibu mwaka mzima sasa. Ni mchezo wa safari za ajabu: mnatoka bandari moja kwenda nyingine, bahari ina majini, visiwa vinahama usiku, kuna ndege anayeweza kunyanyua ng'ombe. Kila mchezaji ana jahazi lake. Na ni mchezo wa kushirikiana, yaani wachezaji hawashindani wao kwa wao. Wote wako upande mmoja, na adui ni rundo la karata lililo katikati ya meza. Mnafunua karata, inatoka dhoruba, au inatoka doria ya Mfalme wa Bahari, nanyi mnashauriana la kufanya. Mnashinda wote au mnazama wote. Michezo ya namna hii imeenea sana duniani tangu Pandemic ilipotoka mwaka 2008, na mimi naipenda kwa sababu haimwachi mtoto analia mezani.

Basi jioni moja umeme ukakatika, tukawasha taa ya chemli, nikatandaza karata nilizozikata kwa mkasi. Walikuwapo wapwa zangu watatu, mkubwa ana miaka 16 na mdogo ana 10. Kanuni zangu za majahazi zilikuwa mbili tu, na nilijivunia ufupi wake. Ya kwanza: jahazi lililo kwenye maji ya nyumbani halikaguliwi na doria. Ya pili: jahazi lenye karata ya bendera ya mfalme halipekuliwi.

Hazikumaliza hata nusu saa.

"Mjomba," akasema mkubwa, "bandari hii ni ya nyumbani, na hii nayo ni ya nyumbani. Nikitoka hapa kwenda hapa, niko maji gani?" Nikasema ya nyumbani, ningesemaje? Akachukua sanduku la hirizi zilizokatazwa, akalipitisha bandari hadi bandari, nyumbani hadi nyumbani, mpaka ukingoni mwa ramani, akabakiwa na mruko mmoja tu wa hatari. Dada yake akaja na lake: "Umeandika jahazi lenye bendera, Mjomba. Hujaandika bendera ni ya jahazi gani." Karata moja ya bendera ikazunguka majahazi matatu katika zamu moja, na doria ya Mfalme ikabaki inapunga mkono tu.

Kilichonishangaza si huo ujanja. Mimi hulipwa mshahara kutafuta mianya ya aina hiyo. Kilichonishangaza ni kwamba mezani hapakuwa na mtu wa kulalamika. Tungekuwa tunacheza bao au drafti, mpinzani angeruka juu. Kwenye mchezo wa kushirikiana kila aliyeketi anafaidika na tafsiri legevu, na anayeonewa ni rundo la karata, lisilo na mdomo.

Nikaamua kuzisahihisha kanuni zangu kwa njia ya kiungwana: nikaanza kusoma jinsi vyombo halisi vya pwani yetu vilivyowekewa kanuni zamani, nikidhani nitaokota kitu cha kuazima. Nilikuta mwanya wangu wa kwanza, ule ule, umeandikwa kwenye mkataba wa mwaka 1845. Wa pili nao niliukuta, na huo ulifika hadi mahakamani Ulaya. Tofauti ni kwamba lililokuwa linapitishwa halikuwa sanduku la hirizi. Walikuwa watu.

Tuanze mwanzo. Septemba 1822 nahodha Mwingereza, Fairfax Moresby, alifikia mapatano na Sayyid Said, mtawala wa Oman ambaye wakati ule bado makao yake yalikuwa Muscat. Mapatano yalikataza raia wa Sayyid kuwauzia Wakristo watumwa. Kisha yakachora mstari baharini: kutoka Rasi ya Delgado, kupita maili 60 mashariki ya Socotra, hadi Diu huko Bara Hindi. Jahazi la raia wa Sayyid likikutwa na watumwa mashariki ya mstari ule, linakamatwa. Isipokuwa, na hapa nilicheka peke yangu, liwe limesukumwa huko na hali mbaya ya hewa. Jamani. Bahari ya Hindi, majahazi ya tanga, pepo za kusi na kaskazi, halafu unaandika "isipokuwa hali mbaya ya hewa." Mtu wa majaribio ofisini kwetu angekurudishia hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Tazama pia kile ambacho mstari haukugusa. Magharibi yake, yaani maji yetu yote, kuanzia Kilwa, Unguja na Pemba hadi Wasini, Gazi, Mombasa na Lamu, na hata njia ya kwenda Arabuni yenyewe, vyote vilikuwa ndani. Na kwa upande wetu wa kusini mwa Mombasa, Sayyid mwenyewe hakuwa ameshika usukani bado. Mombasa ilikuwa ya Mazrui, ambao mwaka 1824 waliinua bendera ya Uingereza kwa msaada wa nahodha mwingine, William Owen, hadi London ilipoikataa na bendera ikashushwa 1826. Said aliichukua Mombasa mwaka 1837. Baada ya hapo tawi moja la Mazrui likahamia Takaungu kaskazini, na jingine likashika Gazi, pale pale kati ya Diani na Msambweni unapopita leo na matatu.

Sasa toleo la pili. Tarehe 2 Oktoba 1845 Sayyid Said, ambaye sasa alikuwa Unguja, alitia saini mkataba mpya ulioletwa na balozi mdogo wa Uingereza, Atkins Hamerton. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1847. Ulikataza kabisa kusafirisha watumwa kutoka milki zake za Afrika kwenda nje. Mkali, ungesema. Lakini ulihitaji kufafanua "nje" ni wapi, kwa hiyo ukafafanua "ndani": kutoka ncha ya kaskazini ya Kiwayu, nyuzi 1 na dakika 57 kusini, hadi Songo Mnara karibu na Kilwa, nyuzi 9 na dakika 2 kusini. Kati ya hapo, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia, jahazi lenye watumwa lilikuwa halali kama jahazi lenye nazi. Ukiandika kama programu inakuwa hivi:

kama (latitudo iko kati ya 1°57' na 9°2' kusini)
    pita
la sivyo
    kamata

Nilitazama latitudo za kwetu. Diani ni kama nyuzi 4 na dakika 17. Msambweni 4 na 28. Wasini na Vanga ni karibu 4 na 40. Sote katikati ya "pita".

Wale walioandika mkataba hawakuwa wajinga. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalitegemea watumwa, Said mwenyewe alikuwa na mashamba, na Uingereza ilikuwa inamhitaji Said. Kila aliyekaa mezani alikuwa na sababu ya kuutaka ule mwanya. Lakini mwanya ukishaandikwa hauulizi wewe ni nani wala nia yako ni ipi. Nahodha aliyetaka kufika Arabuni alipakia Kilwa au Unguja, akapanda kaskazini na pepo za kusi, bandari kwa bandari, akiwa msafiri halali mpaka Lamu. Kutoka Lamu kulikuwa kumebaki mruko mmoja wa hatari. Mpwa wangu wa miaka 16 alikuwa amegundua biashara hiyo hiyo kwa dakika 20, bila kusoma historia yoyote.

Mwaka 1864 Sultani Majid, mwana wa Said, aliongeza kiraka cha wakati: kuanzia 1 Januari hadi 30 Aprili hakuna kusafirisha watumwa baharini hata ndani ya eneo lile, kwa kuwa ndiyo miezi ambayo vyombo vya Arabuni vilijaa kwenye bandari zetu vikisubiri upepo wa kurudi. Hiyo ni kama kufunga seva usiku kwa sababu wezi huja usiku. Watu wakapanga ratiba upya.

Kiraka kikubwa kilikuja 1873. Mwaka uliotangulia, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye shamba Pemba akataka mikono zaidi. Katikati ya njaa hiyo ya watumwa ndipo Uingereza ikamjia Sultani Barghash, kwanza kwa mjumbe wake Sir Bartle Frere, kisha kwa balozi John Kirk akiwa na tishio la kuizuia Unguja kwa manowari. Barghash alitia saini tarehe 5 Juni 1873. Safari hii hapakuwa na latitudo. Kusafirisha watumwa baharini, popote, hata kutoka bandari ya bara kwenda bandari nyingine ya bara, marufuku. Masoko ya watumwa yafungwe. Soko la Unguja lilifungwa, na juu ya uwanja wake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana.

Nilipofika hapa nilivuta pumzi, nikasema haya, sasa wamefunga. Soma tena sentensi: kusafirisha *baharini*.

Misafara ikashuka nchi kavu. Kutoka Kilwa watu walitembezwa kwa miguu kwenda kaskazini, kupita nyuma ya Dar es Salaam, hadi Pangani na Tanga. Huko wengine walivushwa usiku kwenda Pemba, na wengine wakaendelea kutembea kaskazini kupitia pwani yetu. Kutoka Kilwa hadi Vanga ni zaidi ya kilomita 450 ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna aliyetembea kwa mstari ulionyooka: kuna Rufiji, kuna Wami, kuna Pangani, kuna Umba. Safari ya jahazi ya siku chache ikawa mwendo wa wiki nyingi na minyororo. Afisa wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alitumwa kwenda kuangalia. Alitembea kusini kutoka Dar es Salaam kuelekea Kilwa huku misafara ikipishana naye, na ndani ya karibu mwezi mmoja, mwisho wa 1873 na mwanzo wa 1874, alihesabu watu 4,096.

Waandishi wa programu mnaijua namba hiyo. Ni 2 kuzidishwa yenyewe mara 12, ukubwa wa kurasa ya kumbukumbu kwenye kompyuta nyingi, naiandika karibu kila wiki. Ni bahati tu, haina maana yoyote. Lakini tangu niisome pale siwezi kuiandika bila kukumbuka.

Kwa hiyo kanuni iliyotungwa kuwasaidia watu hawa ndiyo iliyowashusha chomboni na kuwatembeza hadi wengine wakafia njiani. Barghash alitoa matangazo mawili Aprili 1876 yaliyokataza misafara ya nchi kavu pia. Yalipunguza sana njia ya bara. Kilichobaki kikarudi majini, kwenye mruko mfupi wa kwenda Pemba.

Hapo ndipo pwani ya Kwale ilipo. Ukisimama gatini Shimoni asubuhi, Wasini iko mbele yako karibu unaigusa, na nyuma yake bahari imefunguka kuelekea Pemba. Kutoka Wasini hadi ncha ya kaskazini ya Pemba ni takriban kilomita 40. Kwa chombo chenye tanga na upepo mzuri, ni usiku mmoja. Nilikwenda Shimoni Desemba hiyo hiyo, na wapwa zangu wawili wakubwa. Tulishuka kwenye pango. Wenyeji husimulia kwamba watu walifungiwa mle wakisubiri chombo, na wanaokuonyesha hukuelekeza kwenye vyuma vilivyomo ukutani. Mpwa wangu mkubwa, yule wa maji ya nyumbani, ndiye aliyekuwa na maneno machache kuliko wote siku ile. Tulipotoka akaniuliza kitu kimoja tu: "Sasa Mjomba, doria ilikuwa wapi?"

Doria ilikuwapo. Kuanzia 1874 hadi 1883 manowari ya zamani, HMS London, ilitia nanga Unguja kama kituo, na mashua zake zilizunguka maji ya Pemba usiku na mchana. Na hapa ndipo kanuni yangu ya pili inapoingia, ile ya bendera.

Uingereza ilikuwa na mkataba na Sultani, kwa hiyo iliweza kupekua majahazi ya raia wa Sultani. Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vipekuliwe na Mwingereza. Mwenye jahazi aliyepata karatasi za Ufaransa, kutoka Mayotte, kutoka Obock au kwa balozi, alipandisha bendera ya rangi tatu na akawa nje ya mkono wa doria. Afisa wa Uingereza aliruhusiwa kusogea na kuhakikisha kama karatasi ni za kweli. Basi. Kufungua shehena, hapana.

Tarehe 3 Desemba 1881 mkuu wa HMS London, Kapteni Charles Brownrigg, alikuwa kwenye mashua ya mvuke karibu na Pemba alipoona jahazi lenye bendera ya Ufaransa. Alilisogelea kutazama karatasi tu, kama kanuni ilivyosema, kwa hiyo watu wake hawakujiandaa kwa vita. Jahazi lilikuwa limebeba watumwa. Waliokuwa ndani walifyatua risasi wakarukia mashua. Brownrigg aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake.

Nimekuwa nikisoma tukio hilo kama fundi. Doria ile ilifuata kanuni neno kwa neno. Bendera ilionekana, hatua iliyoandikwa ikachukuliwa. Tatizo ni kwamba kanuni iliamini bendera, na bendera ni kitambaa. Nyumbani kwetu kwenye kompyuta tunaliita kosa la kuamini maneno ya mgeni bila kumkagua, na bado tunalifanya kila siku.

Hatimaye mataifa yalikaa Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia saini hati ndefu ya kupinga biashara ya watumwa. Kuna sehemu ndani yake ambayo mtu wa programu ataipenda, ile ya vyombo vya wenyeji. Bendera ya taifa apewe mwenye chombo ambaye ni raia wake au yuko chini ya ulinzi wake. Awe na mali isiyohamishika mahali pale, au mdhamini. Awe na sifa njema, asiwe amewahi kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Kibali kisasishwe kila mwaka. Chombo kiwe na orodha ya mabaharia na ya abiria. Herufi ya bandari na namba ya usajili ziandikwe kwa rangi nyeusi kwenye tanga. Yaani: utambulisho, muda wa kuisha, kumbukumbu, namba ya kipekee. Ningeajiri aliyeandika hayo. Ufaransa iliridhia tarehe 2 Januari 1892, lakini ikaviacha kando vifungu vya upekuzi.

Bado kulikuwa na neno moja lenye shimo: "aliye chini ya ulinzi". Ni nani huyo? Wenye majahazi wa Sur, Oman, walikuwa raia wa Sultani wa Muscat, wamezaliwa Sur, wanaishi Sur, wake zao wako Sur, lakini walipeperusha bendera ya Ufaransa na wakadai sheria ya Sultani haiwagusi. Na tusisahau kwamba majahazi ya Sur ndiyo yaliyokuwa yakija kwetu kila kaskazi na tende na papa mkavu, na kurudi na boriti za mikoko. Uingereza na Ufaransa walibishana miaka mingi, kwa kuwa mwaka 1862 waliahidiana kuheshimu uhuru wa masultani wa Muscat na Unguja. Oktoba 1904 wakakubali kupeleka shauri kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, Hague. Waamuzi walikuwa watatu: Melville Fuller, jaji mkuu wa Marekani, Savornin Lohman wa Uholanzi, na Heinrich Lammasch wa Austria kama mwenyekiti. Uamuzi ulitoka tarehe 8 Agosti 1905.

Nimeusoma mara nne. Ni mfupi, na ni ufafanuzi wa kanuni safi kabisa. Kabla ya 2 Januari 1892, wanasema, Ufaransa ilikuwa huru kumpa bendera yake raia wa Muscat, ikifungwa na sheria zake yenyewe tu. Waliopewa kabla ya siku hiyo wanabaki nayo maadamu Ufaransa inaisasisha. Baada ya siku hiyo, hapana, ila kwa mtu ambaye Ufaransa ilimhesabu na kumtendea kama aliye chini ya ulinzi wake tangu kabla ya mwaka 1863. Kwa nini 1863? Kwa sababu mwaka huo sheria ya dola la Uturuki na mkataba wa Ufaransa na Moroko zilibana maana ya neno lile. Neno lilikuwa limebadilika maana, kwa hiyo wakauliza lilibadilika lini.

Halafu sentensi iliyonifanya nisimame nitembee chumbani. Kibali cha bendera hakiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine, hata kama jahazi hilo ni la mwenyewe yule yule. Na mwisho: mwenye jahazi, nahodha, mabaharia na jamaa zao, kwa kupewa bendera tu, hawatoki chini ya mamlaka ya Sultani wao.

Bendera haihami, na aliyeipandisha bado ni yule yule. Mpwa wangu wa kike alikuwa ameuliza swali ambalo majaji watatu walipewa kulijibu.

Ila nikirudi nyuma na kutazama safu yote, 1822, 1845, 1864, 1873, 1876, 1890, 1905, naona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nasoma kila moja peke yake. Kila toleo lilizidi kuwa zuri. Mstari ukawa latitudo, latitudo ikawa marufuku, marufuku ikafika nchi kavu, bendera ikapata namba. Na karibu kila toleo lilikuwa linajibu swali la chombo: kiko wapi, ni mwezi gani, ni cha nani, kina kitambaa gani mlingotini. Mtu aliyekuwa ndani ya ngama, kwa sehemu kubwa, hakuonekana kwenye kanuni hizo kama mtu anayeweza kudai kitu. Alikuwa ni shehena ambayo kuwapo kwake kunakifanya chombo kiwe halali au haramu. Sultani alikuwa mezani, Mwingereza alikuwa mezani, Mfaransa akaja mezani, wenye mashamba na wenye majahazi walikuwa wanasikiliza mlangoni. Yeye hakuwapo kulalamika. Akifikishwa nchi kavu salama Pemba, shambani alikuwa mtumwa kwa sheria.

Hilo liliguswa tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud alipoondoa hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Hata hapo mtu alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, mwenye mtumwa akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje ya amri hadi 1909. Kwa pwani ya Kenya, ambayo tayari ilikuwa chini ya Waingereza wenyewe, sheria kama hiyo ilikuja 1907. Fanya hesabu. Kwa miaka kumi, kilomita 40 za maji kati ya Wasini na Pemba zilikuwa na sheria mbili, na safari hii uhuru ulikuwa ng'ambo ya pili. Huku Vanga, Gazi na Msambweni, chini ya utawala wa serikali iliyokuwa imefukuza majahazi tangu 1822, mtumwa alibaki mtumwa.

Najua mtaniuliza mchezo umefikia wapi. Kanuni ya bendera sasa inasomeka: "Bendera hupewa jahazi moja kwa jina, huisha baada ya raundi tano, na haihamishwi." Hiyo nimeiba Hague na Brussels bila aibu :-) Maji ya nyumbani nimeyafuta kabisa, doria inakagua popote.

La tatu lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilihusu kile kilichomo ndani ya sanduku. Kwenye toleo la kwanza lile sanduku la hirizi lilikuwa na majini wawili waliofungwa, nilikuwa nimeandika hivyo kwa mapambo tu. Mpwa wangu mdogo, wa miaka 10, ndiye aliyesema tuwape zamu. Kwa hiyo sasa baada ya wachezaji wote kucheza, kuna zamu moja ya waliofungwa. Mchezaji mmoja anaichukua karata yao na anawachezea wao, si jahazi lake. Wanaweza kukataa kuvuka, au kupiga kelele doria isikie. Mkubwa analalamika kwamba mchezo umekuwa mgumu, na kweli, michezo minne iliyopita tumezama yote. Ninaandika upya karata za dhoruba. Zikikaa sawa nitaweka faili hapa mzichapishe wenyewe, na mkipata mwanya mwingine kwenye kanuni za majahazi, niandikieni kabla wapwa zangu hawajauona.